Hatukutia Sahihi, Baba

Mwaka mzima unatimia leo, Baba, tangu Alhamisi ile saa nne asubuhi ulipokaa juu ya boksi la vitabu kwenye uwanja wa mnunuzi wa karatasi chakavu, ukaomba maji ya kunywa, na maji yalipofika ukawa huyahitaji tena.

Tulitaka kukuandikia kwa utulivu. Kumbukumbu za watu wengine tumezisoma gazetini, zina maneno laini, na hatuwalaumu. Sisi yametukwama kooni. Tuna hasira, Baba. Tumekaa nayo miezi kumi na miwili tukidhani itapoa yenyewe, kumbe ni moto chini ya majivu. Ukipepea kidogo tu, unawaka upya.

Anayeshika kalamu ni mimi, binti yako wa pili, fundi umeme. Kaka amesoma akasema sawa. Mdogo wetu mwalimu amerekebisha nukta na mkato. Mama nimemsomea akiwa kwenye cherehani yake, akasimamisha gurudumu, akaniuliza, "Mbona umewapaka mafuta hivyo? Ongeza pilipili." Basi nimeongeza.

Kwa wasiokujua, ulikuwa mkutubi wa maktaba ya mji kwa miaka thelathini na mmoja. Kile chumba kirefu cha ghorofani, juu ya ofisi ya maji, chenye meza nane na feni tatu, moja ikizunguka inapojisikia. Karibu na dirisha la mashariki kulikuwa na rafu mbili ulizozipigania kuliko watu wanavyopigania shamba la urithi. Moja ilikuwa ya vitabu vya sayansi: mwili, nyota, wadudu, metali, magonjwa, mawe. Ya pili ilikuwa ya vitabu vinavyofundisha kuandika. Riwaya hukuzidharau, ulizisoma kimyakimya wakati wa chakula cha mchana, ila ulisema zinajua kujitafutia wasomaji. "Hizi mbili," ulikuwa ukisema, "ni kama wasichana waliosoma sana. Kila mtu anawasifu, hakuna anayekuja kuposa." Mimi niliyekuwa na miaka thelathini na mbili bila mume nilikukodolea macho, ukajifanya unafuta miwani.

Mtu akiingia maktaba ulimwacha kwanza azunguke, aguse migongo ya vitabu, azoee. Kisha ulimwendea taratibu na kumwuliza swali lako moja: "Siku hizi nini kinakusumbua akili?" Hukumwuliza anatafuta kitabu gani, kwa sababu, ulitueleza, mwenye udadisi wa kweli ana swali tu, jina la kitabu hana. Akishajibu, mkono wako ulikwenda wenyewe kwenye rafu. "Anza na hiki." Ndiyo mji mzima ukakuita Mzee Anza-na-Hiki, na sisi tukakua tunaitwa watoto wa Anza-na-Hiki, hata mwalimu wa hesabu akinikuta nimechelewa alisema, "Anza na hiki," akinionyesha fagio.

Ndani ya kila kitabu ulibandika kijikaratasi, kwa mwandiko wako mdogo unaoinama kama mtu anayepanda mlima. Vingi tumevisoma mwaka huu. "Sura ya kwanza ni kavu, mwandishi alikuwa anajisikia. Ruka, anzia ya tatu." "Huyu ni daktari anayejua kusema nilikosea. Msome kwa sababu hiyo, mambo ya figo yatafuata." "Kitabu cha nyota. Usikisome ukiwa na haraka." "Kinafundisha kuandika kwa kurasa mia tatu; ushauri wenyewe uko kwenye kumi na mbili za mwisho, lakini mia tatu zinachekesha." Na kimoja kinachotuchekesha hadi leo: "Ukurasa wa themanini na nane una kosa. Mkutubi ameliona. Nawe litafute."

Ulikuwa na kichaa kimoja ambacho watu walikizoea pole pole. Aliyetaka kuandika ulimpa sayansi, na mtu wa sayansi ulimpa kitabu cha kuandika. Kuna mama alikuja anataka kuandika maisha ya bibi yake, ukamwekea mezani kitabu cha nyuki.

"Mzee, nimesema nataka kuandika," akakukumbusha.

"Nimesikia, mama. Aliyeandika hiki alikaa mbele ya mzinga miaka sita kabla ya sentensi ya kwanza. Wewe bibi yako umemtazama siku ngapi?"

Akaondoka amenuna. Baada ya wiki tatu alirudi kuomba kingine.

Mpimaji wa maabara ya hospitali alikuja kutafuta kitabu cha damu. Ukampa, na juu yake ukaongeza kitabu chembamba cha kufupisha sentensi. Akasema, "Mzee, mimi siandiki." Ukamjibu, "Unaandika kila siku. Unaandika majibu ambayo mgonjwa anatoka nayo nje kuuliza walinzi maana yake. Kirudishe ukishatubu." Alitubu, akawa rafiki yako wa Jumamosi.

Kwako wewe kazi hizo mbili zilikuwa kazi moja: kutazama kitu kwa muda mrefu, kisha kusema ulichokiona bila kukitia chumvi. Hata nyumbani ulitusumbua kwa hilo. Mezani uliuliza, "Leo mmeona nini?" Aliyejibu "hakuna" alipelekwa uani akawatazame siafu dakika kumi kabla ya kupewa sahani. Nami nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, nikapigwa na umeme wa pasi, Mama alinikumbatia akilia. Wewe uliangalia kidole changu, ukahakikisha niko mzima, ukaniletea kitabu. "Kilichokupiga kimo humu. Kijue. Kukiogopa bila kukijua hakutakusaidia." Leo nafunga umeme kwenye majengo ya ghorofa saba. Ndivyo ulivyokuwa, Baba. Ulitushika mkono kwa kurasa.

Sasa tufike kwa msusi, maana hasira yetu ndipo inapoanzia.

Saluni yake iko nyuma ya kituo cha mafuta, viti vitatu na kioo kimoja kikubwa. Alipanda ngazi zako Jumatatu moja, siku anayofunga, akasimama mlangoni akifuta mikono kwenye gauni ingawa ilikuwa mikavu.

"Shikamoo, mzee. Mimi shule niliishia njiani. Nisije nikakuchosha."

"Marahaba, mama. Kaa. Nini kinakusumbua akili?"

Kikamtoka chote. Wateja wake waliokuwa wanapaka krimu moja ya kung'arisha uso, iliyokuwa imejaa madukani, walikuwa wanabanduka ngozi. Hilo wengi walilijua, wakasema ni uso unabadilika. Yeye aliona zaidi. Aliona mteja wake mmoja, fundi wa kushona mazulia, mikono ikimtetemeka hadi kikombe kinagonga meno. Aliona mwingine akisahau alikokaa, akiuliza swali lile lile mara nne kabla ya nywele kukauka. Wote walikuwa na kopo lile lile mkobani.

Ulimpa kitabu cha metali na mwili wa binadamu. "Anza na hiki, ukurasa wa arobaini. Neno usilolijua liandike pembeni, usiliruke." Alikuja Jumatatu nne mfululizo. Kwenye ya nne alikuwa na kopo la krimu na kile kioo chako cha kukuzia maandishi. Akasoma herufi za chini ya kopo, ndogo kama mayai ya chawa, akazilinganisha na ukurasa. Kisha akapiga kelele chumba kizima kikageuka.

"Mzee, zebaki! Wameandika kwa jina jingine, lakini ni zebaki!"

Watu wakamfyonya, wengine wakasema "shhh". Wewe ambaye katika miaka thelathini na mmoja hukuruhusu mtu hata kukohoa mara mbili, ulisimama. "Mwacheni," ukasema. "Ameipata."

Mpimaji wa maabara akaichukua krimu ile akaipeleka kwenye maabara kubwa zaidi. Majibu yakarudi, na safari hii aliyaandika yakaeleweka na kila mtu. Zebaki tupu.

Msusi akataka kuandika gazetini. Ukahama rafu, ukampa kitabu cha pili. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na kurasa kumi na moja, na matusi ya kutosha kujaza ndoo. Ukaisoma yote, ukamwambia, "Kali sana. Ila matusi yatamfurahisha msomaji na kumwokoa mwenye krimu. Atasema ametukanwa, na watu watasahau wameumwa." Akapunguza. Akapunguza tena. Mwisho zikabaki kurasa mbili: nimemwona nani, siku gani, ana dalili gani, kopo limeandikwa nini, maabara imesema nini. Hukuandika sentensi yake hata moja. Msusi analiapia hilo mbele ya yeyote, nasi tumeziona rasimu zote, zimejaa mafuta ya nywele.

Barua ikatoka Ijumaa. Jumamosi wanawake walikuwa wanarudisha makopo madukani wakiyatupa juu ya kaunta.

Aliyekuwa analeta krimu ile mjini ni mwenyekiti wa bodi ya maktaba.

Kaka alikuuliza jioni ile, "Baba, ulijua ni ya nani?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya kwanza. Ulitaka nimwambie msusi ukurasa wa arobaini umechanika?"

Mwenyekiti alikuja mwenyewe Jumanne, na wajumbe wawili nyuma yake. Ulimsimulia Mama neno kwa neno, na Mama hasahau neno. Alisimama mbele ya meza yako bila kusalimu, akasema, "Mzee, wewe tumekuajiri kutunza vitabu au kuchochea watu?"

"Kutunza kitabu ni kukifikisha kwa mwenye haja nacho, mheshimiwa."

"Msusi ana haja gani na kemia?"

"Anashinda mikono imo ndani yake, mheshimiwa."

Mjumbe mmoja aliangua kicheko, akakibadilisha kuwa kikohozi. Kicheko kile, Baba, nafikiri ndicho kilichokumaliza. Watu wa aina ile husamehe hasara, kuchekwa hawasamehe.

Wiki mbili baadaye likabandikwa tangazo mlangoni: rafu ya sayansi ni kwa wenye barua ya shule au ofisi peke yao. Ulilibandua, ukalikata vipande, ukatumia upande wa nyuma kuandikia vijikaratasi. Ndipo ikaja barua ya uhamisho, "kwa manufaa ya umma". Mtu aliyejua kila kitabu chake kwa harufu akapelekwa kulinda stoo ya mafaili ya zamani na viti vilivyovunjika miguu, chumba kisicho na dirisha. Ulikwenda. Kila asubuhi ulifunga tai, ukaenda kukaa na viti vibovu kana kwamba ni wasomaji.

Hapa nakiri langu, mbele ya watu. Nilikukuta asubuhi moja kwenye kioo ukinyoosha tai ile, nikakwambia, "Baba, umebakiza miezi saba ustaafu. Nyamaza tu. Utajiletea makubwa kwa ajili ya vijikaratasi?" Ukaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na nani atawaambia waanzie sura ya tatu?" Nikacheka. Nilidhani unatania. Nimekicheka kitu ambacho ulikuwa unakifia, na hilo sina wa kumlaumu ila nafsi yangu.

Haikutosha kukutoa wewe. Bodi ikaamua chumba kile kigeuzwe ukumbi wa mikutano, na vitabu "vilivyochakaa" viondolewe. Vilivyochakaa kuliko vyote, eti, vikawa vya zile rafu mbili! Vilikuwa vimechakaa kweli. Vilikuwa vimesomwa. Vikatupwa kwenye gari la wazi, na mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna aliyeona haja ya turubai. Msusi alikuwa anamwosha mteja nywele. Akaliona gari likipita mbele ya saluni na kurasa zikipepea. Akamwacha mteja na povu kichwani, akakupigia simu.

Ulikwenda kwa mnunuzi wa karatasi chakavu Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mtu yule tunamshukuru hapa, maana hajasoma kama mwenyekiti lakini utu anao. Alikwambia, "Mzee, mimi nimeuziwa karatasi, sikuuliza zimeandikwa nini. Chukua vilivyo vyako kabla mashine haijafika." Ukachambua. Vilivyolowa kabisa uliviweka kando, ukavifunika na gunia kama watu. Vilivyopona ulivitia kwenye maboksi, ukayabeba wewe, mzee wa miaka hamsini na tisa, hadi kwenye mkokoteni, ukausukuma hadi nyumbani. Mama akakuuliza kwa nini usimwite Kaka na lori lake. Ukasema Kaka yuko safarini, asisumbuliwe. Alikuwa safarini kweli. Angegeuza njia, Baba. Anasema hivyo kila akilewa na kila akiwa timamu.

Na sasa tunakukasirikia wewe.

Mnunuzi alitueleza baada ya mazishi. Kwamba Jumanne ulisimama ukashika mkono wa kushoto. Kwamba Jumatano ulikaa mara tatu, uso umekuwa wa majivu, akakwambia, "Mzee, nenda hospitali, vitabu vitakungoja." Ukamjibu, "Nikimaliza rafu ya pili." Jioni hiyo ulikula nasi mezani, ukauliza tumeona nini, na wewe ulichokiona hukukisema.

Ndani ya boksi la Jumatano tulikuta kitabu cha moyo, kile ulichowahi kumpa mlinzi wa benki aliyekuwa analalamika kifua. Kikaratasi chako kimo bado. Kinasema: "Maumivu ya kifua yanayoshuka mkono wa kushoto hayangoji umalize sura. Funga kitabu. Nenda hospitali sasa hivi." Mwandiko wako, wino wako. Mlinzi alikwenda, yuko hai, ana wajukuu. Wewe ulikibeba kitabu hicho kwa mikono yako miwili, kikiwa juu kabisa ya boksi, na maumivu yale yale mkononi. Mganga hajigangi; methali hiyo tuliifanyia mzaha maisha yetu yote. Tungependa kukugombeza uso kwa uso. Mama hukugombeza bado, akidhani hatumsikii, akiwa anapiga pasi mashati yako ambayo hataki kumpa mtu.

Mazishini mwenyekiti alikuja na shada kubwa kuliko jeneza. Akaomba kusema machache. Akasema ulikuwa nguzo ya maktaba yetu. Nguzo! Kaka alinishika kiganja, akakibana hadi nikasikia mifupa, kwa sababu alijua nilikuwa nataka kwenda mbele. Wala haikuhitajika. Msusi aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatembea polepole hadi nje. Mpimaji akafuata. Akafuata yule mama wa nyuki, na mlinzi wa benki, na watu ambao sisi hatukuwajua, wasomaji wako, mmoja mmoja, bila neno, mpaka mwenyekiti akabaki anayasifu maisha yako mbele ya viti. Walirudi alipokaa chini. Hujawahi kupewa heshima kubwa kama hiyo, na hukuwepo kuiona.

Krimu ile ilizuiwa kuuzwa. Tunaambiwa imerudi kwa kopo la rangi nyingine. Msusi ameshanunua moja, na mpimaji analo. Fundi wa mazulia mikono haijatulia, anashona sasa vitu vyenye mshono mkubwa. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti.

Na wiki mbili zilizopita, Baba, wametuma mtu nyumbani kwako. Afisa kijana, mpole, viatu vinang'aa, bahasha mkononi. Mama alikuwa anashona sare za shule. Afisa akaeleza amesimama: ukarabati umekamilika, ukumbi utafunguliwa leo, siku hii hii uliyotutoka, na bodi kwa kauli moja imeamua uitwe kwa jina lako. Kutakuwa na bamba la marumaru mlangoni. Wanaomba picha yako moja nzuri, familia ikae viti vya mbele, na mjane atie sahihi hapa chini, kwamba familia imeridhia.

"Ni heshima kubwa, mama," akasema.

Mama akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Humo ndani mna vitabu vingapi?"

"Kwa sasa ni ukumbi wa kisasa, mama. Una viti mia moja na ishirini."

"Mwanangu, nimekuuliza vitabu."

Kijana akaangalia viatu vyake. "Hakuna, mama."

"Na aliyewaza jambo hili ni nani?"

"Ni mwenyekiti mwenyewe, mama."

"Basi mwambie aandike jina lake. Viti ni vyake. Mume wangu hakuwa na viti."

Akamrudishia kalamu. Kijana akaniangalia mimi kama vile nitamsaidia, nami nilikuwa nimeshika mlango uko wazi. Hatukutia sahihi, Baba. Picha hatukutoa. Wakilichonga jina lako juu ya ukuta ule, wajue na wanaosoma gazeti hili wajue kwamba wamelichonga bila idhini ya mke wako wala wanao, na tutalifuata bamba hilo mpaka litoke, kwa barua za kurasa mbili, zisizo na tusi hata moja.

Vitabu ulivyookoa ni mia mbili na kumi na vinne. Haviko kwenye ukumbi wowote wa marumaru. Viko saluni, nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye rafu mbili alizotengeneza Kaka kwa mbao za kitanda chetu cha utotoni, nami nimefunga taa mbili juu yake, nyeupe, zisizoumiza macho. Watu wanasoma wakisubiri zamu, wanasoma wakiwa na dawa kichwani, na wanaume walioanza kwa kuona haya kuingia saluni sasa wanaingia. Barua ya shule haiulizwi. Msusi anaazimisha Jumatatu, mpimaji Jumamosi. Wiki iliyopita nilishika zamu mimi. Mpishi wa hoteli akaniuliza kwa nini kitunguu kinamliza yeye tu na mwenzake hakimlizi, nikasimama mbele ya rafu zako nusu saa nzima nimechanganyikiwa, sijui nimpe kipi. Nilikukasirikia tena kwa sababu hukuniachia kichwa chako. Mwishowe nikampa viwili na kumwomba anieleze kipi ni bora, maana mimi sijui. Amerudi jana na kijikaratasi alichoandika mwenyewe.

Wanaokukumbuka leo ni mke wako, fundi cherehani, anayekugombeza kila siku. Mwanao wa kwanza, dereva wa lori. Mimi binti yako wa pili. Kitinda mimba wako, mwalimu. Dada yako mkubwa, shangazi yetu, ambaye macho yamemwishia na sasa anasomewa. Wajukuu zako wanne, ambao watatu wanajua kusoma na wa nne anakula kurasa. Na msusi, ambaye Mama ameagiza aandikwe hapa, katikati ya wanao.

Wewe, Baba, hatutakusahau hata siku moja. Na wao pia hatutawasahau.